Usiibandue kwa meno

Siku ya tatu ya Idi ya Mfunguo Mosi nilipigiwa hodi hapa kwangu Kikwajuni, Zanzibar, hata chai sijamaliza. Mteja wangu wa siku nyingi kasimama mlangoni, mikono kaificha ndani ya buibui. Alipoitoa nikasema, "Masikini weye!" Kucha zote kumi zilikuwa na madoa meupe, zimechujuka kama ganda la kitunguu, na mbili zimepasuka mpaka karibu na nyama. Jeli, ile rangi ya kucha inayogandishwa kwa taa, alipakwa kwa ajili ya sikukuu, akiwa katika siku zake. Siku zilipokwisha akataka kusali, udhu hauendi na jeli, basi akaibandua. Kwa meno. Iliyogoma akaichokoa kwa ncha ya kisu cha ndimu.

"Bi mkubwa, rangi imeniharibia kucha," akaniambia.

Rangi haikumfanya kitu. Nimetengeneza kucha na kuchora hina miaka kumi na minne sasa, na kila baada ya sikukuu naletewa mikono ya namna ile ile na lawama ile ile. Kucha nyingi ninazoziona zimeharibika, zimeharibika siku ya kutoa rangi, si siku ya kupaka. Kwa hiyo leo nitaanza na mwisho wa kazi.

Ukucha una unene wa nusu milimita hivi, na huo unene wenyewe ni tabaka nyembamba zilizolaliana, mfano wa ukili uliosukwa ukabanwa. Jeli haikauki kwa upepo. Inagandishwa na mwanga wa taa, ikagandama kwenye tabaka la juu kabisa. Ukiivuta, haiji peke yake. Yale madoa meupe unayoyaona baadaye siyo mabaki ya jeli, ni ukucha wako mwenyewe ulionyofoka. Namna ya kuitoa ni hii: piga tupa juu juu mpaka ule mng'aro wa juu uondoke, chovya pamba katika asitoni, yale maji ya kutolea rangi, ifunike juu ya ukucha, kisha kizungushie kidole karatasi ya foili. Kaa dakika 10 mpaka 15. Jeli itainuka yenyewe kama utando wa maziwa, na utaisukuma kwa kijiti bila nguvu. Ikikataa, rudisha pamba. Anayekwangua hapo ndiye atakayekuja kwangu kesho yake.

Na tafadhali, kazi hii usiifanye jikoni. Asitoni inashika moto upesi, na mvuke wake unatembea chini chini kuliko unavyodhani. Nimewahi kumwona mtu kaweka bakuli la asitoni hatua mbili na jiko la mkaa, anazungumza na simu. Nilimhamishia bakuli ukumbini kabla hata ya kumwamkia.

Rangi ya kawaida, ile ya chupa isiyohitaji taa, ni rahisi zaidi. Bonyeza pamba yenye asitoni juu ya ukucha, hesabu mpaka kumi, vuta kuelekea ncha. Tunaharakisha, tunasugua, rangi nyekundu inaenea vidole vizima kama tumechinja kuku. Ukishamaliza, nawa mikono kwa sabuni upake mafuta, kwa sababu asitoni inakamua mafuta ya ngozi na ya ukucha pamoja.

Mafuta gani? Ya nazi yanatosha. Najua watu watavunjika moyo, maana kuna vichupa vidogo vya bei kubwa madukani Darajani vyenye picha ya ua. Lakini elewa kwanza mafuta yanafanya nini. Ukucha unaouona umeshakufa. Umetengenezwa kwa keratini, kitu kile kile cha nywele zako na cha pembe ya ng'ombe, na hauli kitu unachoupaka. Sehemu iliyo hai ni shina lake, lililojificha nyuma ya ngozi, pale kinapochomoza kile kimwezi cheupe cha kidole gumba. Mafuta hayaulishi ukucha. Yanazuia maji yasiingie na kutoka ovyo.

Maji ndiyo adui tusiyemshuku. Ukucha ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na kila safari zile tabaka zinaachana kidogo. Sasa hesabu siku ya mwanamke wa hapa: vyombo vya asubuhi, nguo za kufua kwa sabuni ya unga, samaki wa kuparua, nazi ya kukuna na kuchuja tui. Wateja wangu wa Paje na Jambiani wanaolima mwani, kilimo kilichoanza huko mwaka 1989, wanashinda mikono ndani ya maji ya chumvi kila maji yakitoka. Kucha zao zinachanika kwenye ncha kama karatasi iliyolowa. Huwezi kumwambia mtu kama huyo asiguse maji. Ninachomwambia ni kwamba azikate fupi, apake mafuta kabla ya kwenda na baada ya kurudi, na vyombo aoshe kwa glavu kama anazo. Huo ufupi nausisitiza. Ukucha mrefu ni kama upondo: ukiugonga kwenye ncha, nguvu yote inakwenda kwenye shina.

Kukata, basi. Za miguu zikate baada ya kuoga, zimelainika, na uzikate kwa mstari ulionyooka bila kuchimba pembe; pembe iliyochimbwa hurudi ikaota ndani ya nyama. Za mikono zitie tupa zikiwa kavu, kwa kuvuta upande mmoja. Ile kwenda na kurudi kama anayekata mbao ndiyo inayochana ncha. Ama kile kingozi kinachozunguka shina la ukucha, usikikate hata kama fundi fulani alikukata na ukapendeza. Kile ni kizibo. Kikiondoka, maji na uchafu vinaingia, na baada ya siku mbili kidole kimevimba kinatunga usaha. Kisukume tu kwa taulo ukitoka kuoga.

Haya, kupaka.

Rangi ya kucha ya kawaida inakauka kwa kupoteza mvuke. Ndani ya chupa mna nitroselulosi iliyoyeyushwa ndani ya vimiminika vinavyoruka upesi, na ile harufu unayoisikia ndiyo vyenyewe vikiondoka. Vikishaondoka vyote, utando unabaki. Ndio maana ukipaka mnene, juu hukauka na chini hubaki tope: mvuke umefungiwa mlango. Kila siri ya kupaka vizuri imo humo. Tabaka jembamba, tena jingine jembamba, na subira ya dakika tatu kati yake.

Kabla ya brashi, usiloweke mikono kwenye maji. Picha za saluni zina bakuli la maji na maua, na mimi mwenyewe niliiga miaka ya mwanzo. Ukucha uliovimba kwa maji ukipakwa rangi, ukisinyaa unaiacha rangi ikielea, na kesho yake inabanduka kipande kizima. Uwe mkavu, ufute kwa tone la asitoni uondoe mafuta. Anza na ile chupa isiyo na rangi, tunayoiita besi, hasa ukitaka kupaka nyekundu au zambarau, kwa kuwa rangi kali huacha ukucha wa njano. Chupa usiitikise kama dawa ya kikohozi, itajaa mapovu. Ipekeche baina ya viganja. Mstari wa kwanza katikati, halafu kulia, halafu kushoto, ukiacha uzi mwembamba wa nafasi karibu na ngozi. Pitisha brashi na kwenye ncha yenyewe, ule ukingo, maana rangi huanza kuchimbuka hapo. Malizia na topu, ile chupa ya kufunika juu ya rangi.

Dakika 15 utaigusa utadhani imekauka. Haijakauka, imejifanya. Ndani inaendelea kukaza kwa saa kadhaa, na ndiyo sababu wengi wetu tunaamka na alama za chandarua juu ya kidole gumba. Siku ya harusi nampaka biharusi mapema, na ninamkataza hata kufunga mtandio mwenyewe. Rangi ikishakuwa nzito chupani, usiirefushe kwa asitoni. Itapaka siku mbili kisha itaharibika kabisa. Yapo maji maalumu ya kulainishia, matone mawili yanatosha.

Nikija kwenye mambo ya bibi zetu, mengine nayaheshimu na mengine nayaacha. Kitunguu thomu ndani ya chupa ya rangi eti kinakuza kucha: kinanukisha tu. Ndimu ya kung'arishia: inang'arisha leo, inakausha kesho. Kwamba kucha zinahitaji "kupumua" baada ya rangi nalo si kweli, kwa kuwa ukucha unapata hewa kwa damu iliyo chini yake. Hata hivyo napenda mteja akae wiki moja bila rangi, ili yeye na mimi tuone kilichomo chini. Mafuta ya karafuu yenyewe, tunayojivunia Pemba, yakipakwa bila kuchanganywa yanachoma ngozi. Mimi nimezaliwa Wete, nimekaa juu ya mkeka nikichambua karafuu na makonyo mpaka ncha za vidole zikawa kahawia, na mama alikuwa akitupaka mafuta ya nazi usiku. Hakuwahi kutupaka ya karafuu, na nyumba nzima ilinuka karafuu.

Hina ni jambo jingine, na naulizwa kila wiki. Rangi ya chupa ni utando unaozuia maji ya udhu yasifike kwenye ukucha. Hina haina utando. Ile rangi yake inaingia na kushikana na keratini yenyewe, kwa hiyo maji yanafika. Ndiyo maana pia hina ya ngozi inafifia wiki mbili na ya ukucha hutaiondoa kwa asitoni wala kwa dua. Unaisubiri ikue na kukatwa. Rangi zinazouzwa kwa jina la "zinapitisha maji" mimi sizitolei hukumu, muulize sheikh wako. Mimi najua kwamba ninaziondoa kwa asitoni kama nyingine. Piko nyeusi ya unga wa kutilia nywele siichori tena juu ya ngozi ya mtu yeyote, awe mgeni wa Nungwi au mtoto wa jirani. Ndani yake mna dawa inayoitwa PPD, na nimeona malengelenge yaliyofuata ua lote, petali kwa petali. Aliyeungua mara moja huweza kudhurika tena siku atakapotia nywele rangi.

Kuna wakati nafunga mkoba wangu na kumwambia mtu aende hospitali. Mifereji inayokatiza ukucha kwa upana, kidole baada ya kidole, mara nyingi ni kumbukumbu ya homa kali. Daktari wa Ufaransa, Joseph Honoré Simon Beau, aliieleza mwaka 1846. Ukucha wa mkono unakua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo ukipima umbali wa mfereji kutoka kwenye ngozi utajua mtu aliugua lini. Nimewahi kumwambia mwanamke mmoja, "Ulilazwa karibu na mwezi wa Ramadhani," akaniangalia kama mchawi. Kucha zilizobonyea kama kijiko huweza kuwa upungufu wa madini ya chuma. Mstari mweusi wa kusimama, kwetu sisi weusi, mara nyingi hauna neno, hasa ukiwa kwenye vidole vingi. Lakini ukija mmoja peke yake, unapanuka, au weusi umevuka mpaka kwenye ngozi, usiufunike kwa rangi. Bob Marley alikutwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki mwaka 1981. Na ukienda kujifungua au kupasuliwa, nenda na kucha tupu, kwa sababu kile kibanio cha kidole kinapima hewa ya damu kwa mwanga, na rangi nzito inaweza kukipotosha.

Turudi kwa mteja wangu wa Mfunguo Mosi. Alitaka nimfunikie uharibifu kwa kucha za bandia siku ile ile, kuna harusi Malindi. Nilikataa. Nilizikata mpaka kwenye nyama, nikalainisha kingo kwa msasa mwororo, nikampa kichupa cha mafuta ya nazi, bei ya chai. Akanuna, akauliza atakaa hivyo mpaka lini. Nikamhesabia kwa vidole vyake mwenyewe: kutoka Idi hii mpaka ya Mfunguo Tatu ni siku 67 mpaka 69, yaani milimita 7 hivi za ukucha mpya.

Alirudi siku mbili kabla ya Arafa. Nusu ya chini ya kila ukucha ilikuwa laini, ya rangi ya waridi. Juu yake mstari, na juu ya mstari ule uchakavu wa zamani. Safari hii hakutaja jeli. Alikaa mkekani, akanyoosha mikono, akasema, "Tia hina, nzito." Nikatia.