Utafiti raghbishi: swali ni la nani?

Kuna jibu moja sisi watu wa utafiti tunakutana nalo kila mara. Unamuuliza mama, "Unafanya kazi gani?" anakujibu, "Sifanyi kazi, nipo tu nyumbani." Mwenye dodoso anaweka tiki kwenye "hana kazi", anageuza ukurasa, imeisha hiyo. Sasa hebu muulize hivi: "Jana tangu unaamka mpaka unalala ulikuwa unafanya nini?" Hapo ndo utachoka kuandika. Kaamka kabla ya wote, kateka maji, kawasha moto, kaandaa watoto, kamgeuza mgonjwa kitandani, kaenda shamba, karudi jikoni, na vingine kavifanya kwa mpigo, anakoroga sufuria huku ananyonyesha huku anamsikiliza mkubwa anasoma, sasa dodoso lenye kisanduku kimoja kwa kila saa utajaza kipi uache kipi?

Mama hajadanganya. Kajibu swali lilivyoulizwa, tena kwa lugha ambayo wote tumefundishwa, kwamba kazi ni ile yenye mshahara. Hata wataalamu wa takwimu walichelewa kulirekebisha hili. Ni mwaka 2013 ndipo mkutano wao wa kimataifa ulio chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ulipitisha azimio linalohesabu pia zile huduma za nyumbani zisizolipwa kuwa ni kazi. Na walipohesabu, ripoti ya ILO ya 2018 ikaonyesha wanawake wanabeba asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za matunzo zisizolipwa, zaidi ya mara tatu ya wanaume. Kwahiyo mzigo ulikuwepo siku zote ila hamna aliyeuliza.

Ndo maana tunasisitiza utafiti raghbishi, yaani utafiti shirikishi unaowaamsha wahusika wenyewe wachukue hatua. Kwenye huu, ule mtindo wa mtafiti kuja na maswali yake kwenye begi, kuchukua majibu na kupotea, haumo. Wenye tatizo ndo wanaosema kipi kiulizwe, wanakusanya, wanachambua, wanaamua kitu gani kifanyike na nani abanwe. Na sio jambo geni kwetu, mradi wa Jipemoyo pale Bagamoyo miaka ya 1970, ambao Marja-Liisa Swantz wa Finland alikuwa mmoja wa viongozi wake, unatajwa duniani kote kati ya mifano ya mwanzo ya utafiti shirikishi.

Wapo wanaosema eti huo ni uanaharakati, sio utafiti. Mi nawaambia aliyechagua kisanduku cha "hana kazi" naye alishachagua upande, tofauti ni kwamba yeye hakusema. Ila wana hoja sehemu moja, huwezi kwenda kutafuta unachotaka tu, majibu yakikukatalia inabidi uyaandike hivohivo yalivyo hata kama yanauma.

Mfano ninaoupenda ni wa Cologne, Ujerumani, mwaka 1976. Kikundi cha wanawake kilitaka nyumba ya kuwahifadhi wanaopigwa na waume zao, maofisa wakasema hamna uhitaji, thibitisheni kwanza. Basi wakaingia mtaani, wakawauliza wapita njia habari za vipigo majumbani, wakakusanya saini, magazeti yakaandika, na nyumba ikapatikana. Msosholojia Maria Mies alikuwa kati yao, na baadae akajenga hoja kwamba mtafiti wa masuala ya wanawake hawezi kukaa pembeni kama mtazamaji wa mechi. Toronto, Kanada, nako, mwaka 1989, METRAC, shirika linalopinga ukatili dhidi ya wanawake, lilitengeneza ukaguzi wa usalama, yaani wanawake wenyewe wanatembea eneo lao, hasa giza likiingia, wanaandika taa ipi haiwaki, kona ipi inaficha mtu, ukipiga kelele nani atasikia. Hiyo karatasi ukimpelekea mhusika wa taa hana pa kutokea.

Zana tunayoitumia sana sisi ni rahisi mno, duara kubwa kwenye karatasi, masaa 24. Wanawake wanachora siku yao, wanaume wanachora yao, kila kundi peke yake, alafu zinabandikwa pamoja. Kwanza watu wanacheka. Kisha mtu anaanza kuhesabu kwa kidole sehemu iliyoandikwa "kupumzika", huku ni kipande cha maana, kule ni kamstari, na kicheko kinapungua chenyewe bila sisi kuhubiri chochote.

Tumekosea pia. Tushawahi kuitisha kikao asubuhi, waliokuja wengi wanaume, tukaandika "mwitikio wa wanawake ni mdogo". Kumbe saa ile walikuwa kwenye foleni ya maji, na maji ndo ilikuwa mada yenyewe! Siku hizi kabla ya kupanga saa ya kikao tunawauliza wao kwanza.

Suala la ukatili lina masharti yake na hapa sibembelezi mtu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2001 inataka usalama wa mama utangulie data. Unahoji mwanamke mmoja tu kwa kila kaya, mkiwa faragha, na hata pale nyumbani hautangazi kwamba ni utafiti wa ukatili, unautambulisha kama wa afya au maisha ya familia, ila yeye mwenyewe unamweleza ukweli kabla hajakubali. Mtu akiingia ghafla unabadili mada, na hapo uwe umeshajua pa kumpeleka akihitaji msaada. Kama hauna pa kumpeleka usimfungue kidonda.

Mwisho kuna mrejesho, ambao wengi wanauruka sababu bajeti imeisha. Sisi tunautengea hela kabla ya kuchapa dodoso la kwanza. Tunarudi, tunabandika walichosema, wanatusahihisha, na kweli wanasahihisha, alafu wanachagua wao nani aende kwa nani na lini. Yale maduara ya karatasi tunawaachia. Sisi tunaondoka na picha za simu tu.