Krenki tatu mezani: ipi iingie kwenye EJ20?

Wenye Subaru wanaokuja kufanya ovahoo na kuongeza nguvu huniuliza, "Fundi, nifunge krenki gani?" Krenki ni ule mhimili ndani ya injini unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Wengi wao wanakuja na jibu mkononi. Wameona picha ya krenki inayong'aa, iliyochongwa kutoka kwenye chuma kizima, na wanaitaka hiyohiyo. Mimi huuliza kwanza: gari litafanya kazi gani, turbo ni ya ukubwa gani, na injini utaizungusha mpaka wapi?

Mwezi uliopita nilifungua Subaru Impreza ya turbo yenye EJ20, injini ya lita mbili, gari ambalo mwenyewe huliingiza kwenye rali na siku za kawaida huendea nalo kazini. Injini iligonga beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Mezani tukawa na krenki tatu: ile yake ya stroki ya milimita 75, nyingine ya milimita 79 iliyotoka kwenye EJ25 ya turbo, na ya tatu mpya, ya milimita 79 pia, ya kuchongwa.

Nianze na stroki, maana hapo ndipo tabia ya injini inapoamuliwa. Stroki ni safari ya pistoni kutoka juu hadi chini. EJ20 ina silinda za kipenyo cha milimita 92 na stroki ya 75, zikizaa cc 1,994. EJ25 ina silinda za 99.5 na stroki ya 79, cc 2,457. Ukiweka krenki ya 79 kwenye bloku ya EJ20 unapata kama lita 2.1. Nyongeza ya cc mia moja inaonekana ndogo, lakini mwenye gari la turbo ataihisi kwenye mizunguko ya chini, kwenye kona za kupanda, pale turbo inapokuwa haijaamka vizuri. Na silinda zimebaki za 92, kwa hiyo kuta zake ni nene. Kwenye EJ zote, kutoka katikati ya silinda moja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 113. Kwa silinda za 92 zinabaki 21 kati yake. Kwa za 99.5 zinabaki 13.5 tu. Ndiyo sababu napenda lita 2.1 kuliko 2.5 kwa mtu anayesukuma upepo mwingi wa turbo.

Stroki ndefu ina gharama yake. Kwa mizunguko 8,000 kwa dakika, pistoni ya stroki ya 75 inakwenda kwa wastani wa mita 20 kwa sekunde. Ya 79 inaufikia mwendo huohuo kwenye mizunguko 7,600 hivi. Tena nguvu inayovuta konrodi pistoni inapogeuka juu hupanda kwa mraba wa mizunguko. Ukiongeza mizunguko kidogo, mvuto unapanda sana. Kwa hiyo mwenye turbo kubwa inayoamka 5,000 na anayetaka kuzungusha hadi 8,000 na zaidi, abaki na 75. Mwenye turbo ndogo na barabara za vumbi, 79 itamfaa zaidi. Impreza zilizoshinda Safari Rally mwaka 1997 na 2000 zilikuwa na injini za lita mbili zinazovuta hewa kupitia tundu la milimita 34 lililowekwa na kanuni. Hewa ikishabanwa hivyo, mizunguko mingi haikupi nguvu zaidi, na mafundi wao walitafuta msukumo wa mizunguko ya katikati. Kwenye rali gari linaishi hapo katikati.

Sasa chuma. Krenki za kusubu, za chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa, sizungumzii kabisa kwa injini ya turbo. Krenki za Subaru za turbo zimefuliwa: chuma kimepigwa kikiwa cha moto, na nyuzi zake zinafuata mikunjo ya krenki. Ya kuchongwa inatoka kwenye nondo nene, na mashine inakata nyuzi hizo. Ubora wake unatokana na aina ya chuma na usahihi wa mchongaji. Ikitengenezwa vizuri ni imara sana. Lakini injini ya boksa kama hii, yenye silinda zilizolala kushoto na kulia, ina krenki fupi yenye meni tano (sehemu zinazokaa kwenye bloku), na kila konrodi ina shingo yake inayoishika, kwa hiyo kuta kati ya shingo na shingo ni nyembamba. Ufa huanzia kwenye kile kimviringo kidogo kinachounganisha shingo na ukuta. Ukinionyesha krenki ya bei ghali, hapo ndipo macho yangu yanaenda kwanza.

Krenki yake ya 75 niliipima. Shingo ya konrodi, ambayo ikiwa mpya ni milimita 52, ilikuwa imeliwa na kupata mikwaruzo. Ingeweza kusagwa kwa milimita 0.25, ambao ndio mwisho unaoruhusiwa. Shida ni kwamba krenki za STI (matoleo ya Subaru yenye nguvu zaidi) kama hii zimeingizwa naitrojeni usoni, ngozi nyembamba ngumu, na ukisaga unaiondoa. Mchongaji asiye makini anaondoa pia kile kimviringo na kuacha kona kali. Kwa gari la kwenda sokoni ningekubali. Kwa hili nilikataa.

Kuna kosa jingine ambalo limewahi kunigharimu bloku nzima, na nawaomba msilipite. Kwenye EJ za zamani, beringi inayozuia krenki isicheze mbele na nyuma iko meni ya tatu, katikati. Kwenye za baadaye iko meni ya tano, nyuma. Muuza spea mmoja aliniapia kwamba krenki yake "ni EJ, inaingia". Kuingia iliingia. Lakini kila ukikanyaga klachi krenki inasukumwa mbele au kuvutwa nyuma, kutegemea aina ya klachi, na pale haikuwa na kitu cha kuizuia. Linganisheni bloku na krenki kabla hamjatoa hela.

Basi tukafunga ile ya 79 ya kufuliwa. Mwenye gari alihakikisha kwanza kwamba lita 2.1 haimwondoi kwenye daraja lake la mashindano. Krenki ilikuwa ya meni ya tano, sawa na bloku. Niliining'iniza kwa waya nikaigonga kwa nyundo ndogo, ikalia kama kengele. Kisha ikapelekwa kupimwa nyufa kwa unga wa sumaku. Mpindo wake ulikuwa chini ya milimita 0.035. Pistoni tuliagiza zenye pini iliyopandishwa milimita 2, kwa sababu stroki imeongezeka 4 na nusu yake inakwenda juu. Ukisahau hilo pistoni itagonga silinda hedi. Tulizungusha kwa mkono tukiangalia konrodi zisiguse bloku. Krenki, flaiwili na klachi vilibalansiwa pamoja, na uwazi wa oili kati ya beringi ya konrodi na shingo nikauacha milimita 0.05.

Ya kuchongwa ikarudi kwenye boksi lake, na hela yake ikanunua pampu ya oili, kipoza oili na konrodi nzuri. Kikomo cha injini nimeweka mizunguko 7,200, ambapo pistoni inakwenda mita 19 hivi kwa sekunde. Mwenyewe aliomba 7,800. Nilimwambia azoee kwanza kubadilisha gia mapema, maana sasa msukumo unapatikana kwenye mizunguko ya chini.