Farasi wa Standardbred hawezi kazi nyingine?

Wapenda farasi wengi Marekani wanaamini kwamba Standardbred, farasi wa mbio za kuvuta kigari cha magurudumu mawili, akistaafu hafai kupandwa, kwa sababu hajui kukimbia shoti, yaani mbio za kasi za kuruka.

Imani hiyo ina chanzo chake. Katika mbio hizo farasi akianza shoti ni kosa: dereva lazima amrudishe kwenye mwendo wake, na hapo wenzake wanampita. Kwa hiyo tangu akiwa mdogo anafundishwa kujizuia. Tena wengi huenda kwa kunyanyua miguu ya upande mmoja kwa pamoja, na mabadiliko katika jeni iitwayo DMRT3 huchangia mwendo huo.

Kujizuia, hata hivyo, si kushindwa. Mfungulie uwanjani bila lijamu umtazame akicheza: wengi hukimbia shoti wenyewe. Akiwa na mtu mgongoni atahitaji miezi ya mazoezi, na wengine shoti yao hubaki nzito. Sioni kama hiyo ni sababu ya kumkataa. Ameshazoea hatamu, magari, kelele na kusafirishwa. Ndiyo maana Waamishi, jamii ya Wakristo wa Marekani wanaoepuka magari ya injini, humtumia kwa vigari vya barabarani, na baadhi ya vikosi vya polisi humpanda doria.

Ukitaka kununua, inua manyoya ya shingo. Wengi wana alama ya namba iliyochapwa kwa chuma cha baridi kali, na wenye umri mdogo zaidi wana chipu yenye namba chini ya ngozi. Namba hiyo itakupa umri na historia yake ya mbio. Kisha mguse miguu: uvimbe au joto kwenye kano ni la kumwonyesha daktari wa mifugo kabla hujalipa.