Ugogo: kutoka haki ya kuhama hadi haki ya kushtaki

Nikiwauliza wanafunzi wangu hapa Dodoma mamlaka ya dola yalianza lini kuwekewa mipaka, wengi hunitajia Athens, au Uingereza ya mwaka 1215 makabaila walipombana mfalme John. Mimi huwarudisha hapa hapa Ugogo.

Kabla ya ukoloni, mtemi, yaani chifu, wa Kigogo aliheshimiwa sana: alishika mawe ya mvua, akasimamia matambiko na kusuluhisha mashauri. Lakini madaraka yake juu ya ardhi yalikuwa madogo, na ukame uliwazoeza watu kuhamahama. Aliyechoshwa na mtemi mmoja aliswaga ng'ombe wake akaenda kwa mwingine. Mtemi anayejua kwamba watu wanaweza kuondoka hutawala kwa kiasi.

Wakaja Wajerumani, kisha Waingereza. Chini ya sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, mtemi alikusanya kodi na kuwajibika kwa bwana shauri, yaani mtawala wa kikoloni wa wilaya. Cheo kilibaki kilekile, ila sasa aliogopa kuwaudhi wakubwa wa bomani kuliko watu wake. Naamini jambo hili liliumiza uhuru kuliko kodi yenyewe. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikaufuta utemi.

Vijiji vya ujamaa vilianza kwa hiari baada ya 1967. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja Operesheni Dodoma, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu vijijini, na Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini. Maji, shule na zahanati havikuwa vitu vya kudharau katika nchi iliyopitia Mtunya, njaa kubwa iliyoikumba Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Ila mkulima aliyekataa kuiacha nyumba yake ya tembe hakuwa na pa kuhamia wala pa kushtaki. Haki za binadamu ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984 tu, na hata hapo mahakama zilizuiwa kuzitekeleza hadi 1988!

Kwangu, hatua kubwa ni ya 1993. Katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, mwananchi aliyeishtaki serikali, Mahakama ya Rufani ililifuta sharti la kuomba kibali cha serikali kabla ya kuishtaki serikali hiyohiyo. Ikasema pia kwamba sheria inayobana haki isiwe ya kionevu, wala isibane kupita inavyohitajika.

Mwaka 2020 Bunge lilibadili sheria ya kudai haki hizo: ikamtaka mlalamikaji aoneshe kwamba yeye binafsi ameathirika. Kwa mabadiliko hayo, mkulima wa Bahi, hapa Dodoma, bado aliweza kwenda Mahakama Kuu, lakini jirani yake anayeijua sheria hakuweza tena kumtangulia kwa jina la umma. Mabadiliko hayo niliyapinga, kwa sababu wanaoumizwa zaidi na sheria mbaya mara nyingi ndio wasio na nauli ya kufika mahakamani.