Wingi wa dini: kwa nini dini ni nyingi, na je, mtu mmoja aweza kufuata mbili?

Katika mitaa mingi ya Mombasa, familia ya Kikristo inapoandaa harusi haimchinji mbuzi wake yenyewe. Huitwa jirani Mwislamu, naye huja, humwelekeza mnyama kibla, hutaja jina la Mwenyezi Mungu na kuchinja, kisha hunawa mikono na kurudi kwake hadi wakati wa kula. Hakuna anayeuliza kama mwenye shughuli amesilimu, wala hakuna anayedhani kwamba yule mchinjaji ameingia kanisani. Kilichotafutwa ni sahani ya pilau ambayo hakuna mgeni atakayeikwepa.

Nimeanza na mbuzi huyo kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu dini hukwama pale mambo mawili yanapochukuliwa kuwa moja. Wingi wa dini ni hali ya dini kadhaa kuwapo mahali pamoja, kila moja ikiwa na waumini wake, mafundisho yake na nyumba yake ya ibada. Uchanganyaji wa dini ni pale ambapo mafundisho au ibada za dini mbili hukutana ndani ya mtu mmoja, akazishika zote kwa pamoja. La kwanza huuelezea mji, na la pili humwelezea mtu. Mji unaweza kuwa na dini kumi bila hata mkazi mmoja kuzichanganya.

Kwamba Mombasa ina wingi huo hakuna haja ya kuthibitisha kwa hoja ndefu, kwani miguu inatosha. Mji wa Kale una Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mnamo 1570. Katika barabara ya Langoni lipo hekalu la Wajaini, waumini wa dini ya kale ya Bara Hindi, lenye marumaru nyeupe. Na katika barabara ya Nkrumah yapo makanisa makuu mawili, la Wakatoliki na la Waanglikana, hili la pili likiwa na kuba ambalo mgeni angeweza kudhani ni la msikiti. Waislamu wenyewe si kundi moja, maana wapo Sunni wa madhehebu ya Shafii ambao ndio wengi, na wapo Bohora, Ithnaasheri na Ismailia, ambao ni matawi ya Shia, kila jamaa na mahali pake pa kukutania.

Namna dini hizo zilivyofika hapa inaeleweka kwa urahisi. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipopita mwaka 1331 aliwakuta watu wa Mombasa tayari ni Waislamu wa Kishafii, nao Uislamu ulikuwa umeletwa na wafanyabiashara waliosafiri kwa pepo za kaskazi na kusi. Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walikuja na mapadri. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye alikuwa Rabai na mwenzake Rebmann. Reli iliyoanza kujengwa kutoka hapa mwaka 1896 ilileta maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi, wakiwamo Wahindu, Masingasinga na Waislamu. Nao Wamijikenda, wenyeji wa pwani hii, walikuwa na makaya yao, yaani vijiji vyao vitakatifu vya msituni, na Mulungu wao, na koma zao, yaani roho za wazee waliotangulia.

Hata hivyo historia hiyo inajibu tu jinsi dini zilivyokutana, na kwa nini zipo nyingi ni swali jingine. Sehemu ya jibu ni kwamba dini hazijibu swali moja. Mkristo huanza na dhambi, na namna mwanadamu anavyookolewa kutokana nayo. Mwislamu huanza na kunyenyekea kwa Mungu mmoja na kuishi kwa amri zake. Mbudha huanza na mateso ya maisha na chanzo chake. Mzee wa kaya huanza na uhusiano wa walio hai na waliokufa, na jinsi ya kuzuia uhusiano huo usiharibike. Mtu aliyezaliwa ndani ya swali moja huona majibu ya swali jingine kuwa ya ajabu, kumbe yeye hakuuliza hivyo.

Sehemu nyingine ni migawanyiko ya ndani. Baada ya Mtume Muhammad kufariki mwaka 632, hitilafu kuhusu nani aongoze umma iliwatenga hatimaye Sunni na Shia. Kanisa la Mashariki na la Magharibi likatengana mwaka 1054, na mageuzi yaliyoanza na Luther mwaka 1517 yakazaa makanisa yanayoendelea kugawanyika hadi leo. Hapa chanzo si tofauti ya swali, bali ni ugomvi juu ya nani ana haki ya kutoa jibu.

Dini zenyewe pia zina maelezo ya wingi huu, na ni kosa kuyapuuza. Qurani, katika sura ya Al-Maida aya ya 48, inaeleza kwamba Mungu angetaka angewafanya watu umma mmoja, lakini kila umma umewekewa sharia na njia yake. Kanisa Katoliki lilitamka mwaka 1965 kwamba halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini nyingine. Wabahai hufundisha kwamba Musa, Buddha, Yesu na Muhammad ni wajumbe wa Mungu mmoja waliokuja kwa zamu. Wajaini wana fundisho kwamba ukweli una pande nyingi na hakuna kauli moja inayouzingira wote.

Sasa, je, mtu aweza kufuata dini mbili? Methali inayotajwa haraka ni ile ya njia mbili zilizomshinda fisi, na kwa wengi mjadala huishia hapo. Kwa maoni yangu methali hiyo inasadifu kwa baadhi ya dini tu, kwa sababu neno kufuata halina maana moja kila mahali. Uislamu na Ukristo ni dini za ahadi. Anayetamka shahada amekana kwamba kuna mwingine wa kuabudiwa, na amri ya kwanza kati ya zile kumi inasema, "Usiwe na miungu mingine ila mimi." Isitoshe, yapo mambo ambayo yakikubaliwa upande mmoja hukanushwa upande wa pili: Mkristo anaamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu na kwamba alisulubiwa, ilhali Mwislamu anamheshimu Isa kama nabii na anakanusha yote mawili. Anayesema anayaamini yote kwa ukamilifu hajaunganisha dini mbili. Amekuwa na ya tatu, yake peke yake.

Mahali pengine mambo ni tofauti. Nchini Japani ni kawaida mtoto mchanga kupelekwa kwenye hekalu la Kishinto na marehemu kuzikwa kwa taratibu za Kibudha, familia ikiwa ile ile, bila mtu kuhisi kwamba amesaliti chochote. Huko dini ni taratibu za nyakati za maisha kuliko kiapo cha uanachama. Wajaini nao, pamoja na upole wa fundisho lao, si wepesi katika matendo. Mjaini anayeshika dini yake barabara hali viazi karai, vinavyouzwa kila kona ya Mombasa jioni, kwa kuwa kiazi hung'olewa pamoja na viumbe wadogo wa udongoni. Kwake ni haramu, kama naweza kumkopesha neno la Kiislamu.

Mikopo ya maneno, kwa kweli, ndiyo uchanganyaji tunaoufanya kila siku bila kujua. Mkristo wa Pwani husema dhambi, toba, malaika, Injili na msalaba, na yote hayo yana asili ya Kiarabu. Padri na meza ya Bwana vina Kireno ndani yake. Mwislamu naye, pamoja na Kiarabu chote anachosomea, husema Mungu, neno la Kibantu lililo ndugu ya Mulungu wa kaya. Tena Kiswahili kinatupa jozi ya dini na mila. Mtu husema jambo fulani ni mila, si dini, na kwa kauli hiyo moja amepata nafasi ya kulishika bila kuvunja ahadi yake. Shekhe au mchungaji huenda asikubali mpaka huo umepita pale, lakini upo.

Mfano wa kina ni wa Wagiriama, mojawapo ya makabila ya Wamijikenda, wa upande wa Kaloleni katika miaka ya 1960. Baadhi yao waliugua, na mganga akaeleza kwamba wamepandwa na pepo wa Kiislamu. Tiba ilikuwa kuacha tembo la mnazi, kuacha nyama isiyochinjwa kihalali na kufunga Ramadhani. Waliitwa mahaji, ingawa wengi wao waliendelea kuishi katikati ya jamaa zao wasio Waislamu. Ilitokea kwamba wengi wa mahaji walikuwa wakulima waliokuwa wakinunua minazi na mashamba, na asiyekunywa tembo wala kula nyama ya matanga ana sababu ya heshima ya kujiweka mbali na karamu zinazomaliza mali. Sidhani kwamba walidanganya. Pepo na hesabu za kopra, yaani nazi kavu ya kuuza, ziliweza kukaa katika mwili mmoja.

Kisa cha Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa, ni kikali zaidi. Alichukuliwa na Wareno akiwa mtoto, akalelewa Goa, koloni lao huko Bara Hindi, na watawa wa Mtakatifu Agostino, akabatizwa Jerónimo na kurudishwa Mombasa kuwa mfalme. Inasimuliwa kwamba alionekana akiomba kwa namna ya Kiislamu kwenye kaburi la baba yake. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamwua kapteni, akatangaza kurudi katika Uislamu, na Wakristo waliokataa kumfuata wakauawa. Watawala wale walitaka awe na dini moja, naye mwishowe akawataka raia wake vivyo hivyo.

Sheria ya leo haimlazimishi mtu. Kifungu cha 8 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema hakuna dini ya taifa, na Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa kuamini. Lakini yapo mahali ambapo jibu moja huhitajika. Mahakama ya Kadhi husikiza mambo ya ndoa, talaka na mirathi pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake, na katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ya Kishafii asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Na mtu aliyeishi miaka thelathini akiitikia majina mawili, moja kwa mama na moja kwa wakwe, akifa alfajiri, kabla ya adhuhuri watakuwepo wanaotaka akoshwe, avishwe sanda na azikwe kabla jua halijatua, na watakuwepo wanaotaka apelekwe mochari kusubiri ndugu walio bara, na pande zote mbili zitakuwa zinamwuliza mjane yeye alikuwa anasemaje.