Je, wajua kwa nini mafundi wa malori huchomoa mpira wa briza kwenye turbo na kuuelekeza chini?

Ukiinama chini ya malori yanayosubiri mahindi pale Kibaigwa, au ukizunguka gereji za malori za Dodoma, utaona baadhi yana mpira mweusi unaotoka juu ya injini, umefungwa kwa waya kwenye chesi, mdomo unatazama ardhi. Huo ndio mpira wa briza, njia ya kutolea gesi iliyo ndani ya injini. Injini ikiwaka, mpira huo unatoa moshi mwembamba, na pale chini pana madoa ya oili. Lori likiwa la toleo la karibuni, kuna uwezekano mkubwa kwamba kiwandani mpira huo uliunganishwa kwenye bomba la hewa linaloingia kwenye turbo, yaani feni inayoisukumia injini hewa. Fundi ameuhamisha, na ana sababu.

Sababu inaanzia kwenye ringi za pistoni, pete za chuma zinazoizunguka pistoni. Injini ya dizeli hubana hewa mpaka ikabaki sehemu moja kati ya 16 hadi 18 ya ujazo wake, na mafuta yakiwaka presha huvuka bar 100. Tairi la lori lenyewe hujazwa karibu bar 8. Ringi ndizo zinazozuia presha hiyo isishuke kwenye krenki, mhimili unaozunguka chini ya pistoni, lakini kila ringi ina mwanya mdogo pale ncha zake mbili zinapokutana, maana bila mwanya huo ingetanuka kwa joto na kukwama. Kwa hiyo hata injini mpya kabisa huvujisha gesi kidogo kwenda chini. Huko hukutana na chembechembe za oili zinazorushwa na krenki, mvuke wa maji na masizi. Gesi hii lazima itoke. Ikikosa njia hujitafutia: hupitia sili ya nyuma ya krenki au gasketi ya tapeti kava, na wakati mwingine huchomoa kijiti cha kupimia oili.

Njia yake halali ni briza. Malori ya zamani yaliitoa gesi moja kwa moja nje, basi. Baadaye sheria za hewa safi zikabana. Marekani, kwa mfano, kwa injini za malori za kuanzia mwaka 2007, gesi hiyo ama irudishwe kwenye injini ichomwe, ama ihesabiwe pamoja na moshi wa ekzosi wakati wa kupima. Watengenezaji wengi wakairudisha kwenye mdomo wa turbo, kwa sababu hapo ndipo hewa inapovutwa.

Tatizo ni kwamba gesi huja na oili. Oili hupaka mapanga ya turbo, hulainisha mipira ya hewa mpaka ichomoke kwenye klipu zake, na hujikusanya ndani ya intakula, rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, hivyo hewa haipoi vizuri na lori linapoteza nguvu mlimani. Kibaya zaidi, dizeli haichagui cha kuchoma. Oili ikizidi kipimo kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), au ringi zikiwa zimekwisha, injini inaweza kuvuta oili ya kutosha kujiendesha yenyewe: unazima swichi, nayo inazidi kunguruma. Huzimwa kwa kuziba mdomo wa hewa kwa kitu kigumu, kamwe si kwa mkono. Ndiyo maana fundi anayeukuta mpira wa hewa umejaa oili huwaza kwanza kuihamisha briza.

Mimi ningemwomba asubiri, aifungue eya klina, kichujio cha hewa, kwanza. Huku kwetu mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, miezi iliyobaki ni vumbi, na lori linaloingia mashambani Kongwa au Manyoni hulila kila siku. Eya klina ikijaa, turbo hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, na kwa kuwa briza imeunganishwa baada ya eya klina, nguvu hiyo yote huinyonya oili kutoka kwenye injini. Oili iliyojaa kwenye intakula inaweza kuwa imeletwa na eya klina chafu tu. Ibadilishe, safisha mabomba, endesha, kisha uangalie tena.

Kama bado, pima ringi. Injini ikiwa ya moto na iko sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha oili, kigeuze na ukilaze juu ya tundu lake bila kukaza. Kikitikisika kidogo si neno. Kikirushwa pembeni huku moshi unafoka, uwezekano ni mkubwa kwamba ringi au silinda zimechoka, na hapo kuhamisha mpira ni kulihamisha tatizo liende kudondokea barabarani. Dawa yake ni oveholi, yaani kuifungua injini na kubadilisha vilivyochakaa.

Kuna jambo jingine linaloniuma, kwa sababu linawamaliza wenye malori fedha. Oili inayolainisha turbo hurudi kwenye sampu kwa kuteremka tu, haisukumwi. Briza ikiziba, presha ndani ya injini hupanda, oili hiyo inashindwa kushuka, inapenya kwenye sili za turbo na kutoka kwenye ekzosi kama moshi wa bluu. Mwenye lori anaambiwa turbo imekufa. Ananunua nyingine, na baada ya muda mfupi nayo inavuja, wakati kilichoziba ni mpira.

Kwenye injini ya zamani isiyo na sensa (kipimio cha umeme) kwenye mfumo huu, kuhamisha briza kunaweza kufanyika bila kuiumiza injini, ila hewa ya barabarani ndiyo inayochafuka, na kwa lori linalovuka mipaka ni vyema kujua sheria za huko. La kwanza kabisa ni tundu linalobaki kwenye bomba la turbo. Tundu hilo liko baada ya eya klina. Ukiliacha wazi, au ukiliziba kwa tambara, vumbi la Dodoma linaingia moja kwa moja kwenye turbo na silinda, na hakuna njia ya haraka zaidi ya kuua ringi. Tambara nalo linaweza kuvutwa likakutana na mapanga yanayozunguka hata mara 100,000 kwa dakika. Weka kizibo kigumu kilichobanwa kwa klipu. Baada ya safari kadhaa, zima injini, fungua bomba na upitishe kidole ndani. Ukikuta vumbi, kuna mahali panavuta.

Mpira wenyewe uwe wa kuhimili oili na joto, si wa kumwagilia bustani, na upana wake usipungue ule wa awali. Ushuke moja kwa moja bila kutengeneza tumbo la kukusanya maji, upite mbali na ekzosi na breki, na mdomo uishie nyuma ya kabini ili dereva asivute moshi. Usiufunge wavu wala kitambaa, maana oili na vumbi vitauziba. Lori likiegeshwa muda mrefu, chungulia mdomoni: nyigu wa udongo wanapenda sana kujenga kwenye matundu ya namna hiyo.

Malori mapya ni habari nyingine. Mengi yana kichujio kinachotenganisha oili na gesi kabla haijafika kwenye turbo, na baadhi yana sensa inayopima presha ya ndani ya injini. Ukichomoa mpira, taa ya injini inawaka na nguvu inaweza kupunguzwa. Kichujio hicho, kwa aina nyingi, kina muda wake wa kubadilishwa, lakini kwenye sevisi ya kawaida husahaulika kwa sababu kimejificha. Kitaje kwa jina unapompa fundi orodha ya oili na filta.