Pipa Lililokatwa Si Cheti cha Usafi

Fundi simu mmoja hapa Langoni, Lamu, alinigeuzia chaja akanionyesha mchoro wa pipa lililokatwa kwa mistari miwili. "Hii haina sumu, mwanangu." Dhana hiyo imeenea, nayo si sahihi. Mchoro huo wa Umoja wa Ulaya wasema tu kifaa kisitupwe na taka za nyumbani.

Sumu ina sheria yake ya Umoja huohuo, RoHS, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2006. Nayo haisemi "hakuna", yasema "isizidi": risasi (ile metali laini, si ya bunduki) na zebaki asilimia 0.1, kadimi, metali nyingine yenye sumu, 0.01. Na wapimaji hawapimi simu nzima. Hupima kila malighafi peke yake, hata tone la lehemu. La sivyo risasi ingejificha ndani ya uzito wa plastiki.

Fundi alikuwa na jingine: lehemu ya siku hizi ni bandia, haiyeyuki upesi. Si bandia. Ile ya zamani ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 183 hivi. Mpya, ya bati, fedha na shaba, hutaka kama 217. Akiichoka, hurudia ya zamani, na simu ikitoka mezani kwake risasi imesharudi ndani. (Simlaumu. Pasi yake ya kulehemu ni ya bei rahisi.)

Wapo pia wanaochoma nyaya ufukweni kupata shaba, ati moshi huishia baharini. Plastiki ya nyaya nyingi ni PVC, na moshi wake una dioksini, sumu kali. Upepo ukigeuka, moshi unaingia mjini.

Linaloniudhi zaidi ni hili la kwamba ukishasema "kuchakata" basi ni usafi. Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za risasi, na risasi ikaingia katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3; baada ya mvutano wa rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Betri zile ni ndugu wa hizi za sola zilizo majumbani mwetu, na RoHS haizigusi kabisa.

Fundi alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama ile sufuria aliyoyeyushia risasi ya chubwi ya kuvulia samaki bado yafaa kupikia.

"Haifai, fundi. Hata ukiisugua."